Siku tatu Berlin: baridi, tiketi, mjusi wa Tendaguru na jiwe la Brunnenstraße

Niseme mapema: Berlin nimeipenda, ingawa jioni ya kwanza nilitamani kurudi nyumbani. Nilikuwa Ujerumani kwa mafunzo ya kazi katika mji mwingine, na yalipokwisha nikajiongezea siku tatu za mji mkuu kwa pesa yangu mwenyewe. Ilikuwa mwishoni mwa Novemba. Yeyote anayepanga kwenda mwezi huo ajue kwamba saa kumi na robo jioni jua limeshazama, na saa kumi na moja ni usiku kabisa. Koti nililonunua mitumbani Dar likanitosha mwilini, lakini viatu havikufaa. Baridi ya kule inaanzia miguuni. Nunua viatu vyenye soli nene kabla ya kitu kingine chochote.

Uwanja wa ndege uko nje kidogo ya jiji, na hapa ndipo wageni wengi wanapokosea. Usafiri wa Berlin umegawanywa katika kanda A, B na C. Uwanja uko kanda C, kwa hiyo ukinunua tiketi ya AB umekwisha kuwa na kosa kabla hujafika hotelini. Tiketi ya ABC ndiyo ya kwako siku ya kufika na siku ya kuondoka. Jambo la pili ni kwamba stesheni hazina geti. Unaingia tu na kupanda, hakuna anayekuuliza kitu. Mimi nilikuwa na tiketi yangu mkononi, nimeilipia kwa mashine, nikakaa kwa amani. Vituo vitatu mbele, vijana wawili waliovaa nguo za kawaida kabisa wakasimama, wakatoa vitambulisho, wakaanza kukagua. Kumbe tiketi ya karatasi inatakiwa kugongwa muhuri kwenye kisanduku kilichopo jukwaani kabla ya kupanda. Yangu haikuwa na muhuri. Faini ni euro 60. Nilieleza, nikaonyesha pasipoti, wakanisikiliza kwa adabu, wakaniandikia karatasi ya faini. Hawakunidhulumu, sheria ndiyo hiyo. Lakini euro 60 ni pesa nyingi kwa mtu anayehesabu, na zile zilikuwa chakula changu cha siku mbili.

Hosteli niliyolala sitaitaja. Chumba kilikuwa safi, shuka nyeupe, ila hita ilikuwa ikizimika usiku wa manane. Usiku wa pili nikawaomba blanketi, wakaleta mawili bila maneno.

Kwa chakula sikuteseka. Neukölln, barabara ya Sonnenallee, imejaa migahawa ya Waarabu na Waturuki, na Mwislamu hana haja ya kuhangaika kutafuta halali. Tembea na pesa taslimu, maana migahawa midogo mingi haipokei kadi. Maji ya bomba yanakunywika, chukua chupa yako. Ukinunua maji dukani soma kwanza, mengi yana gesi, na mtu wa kwetu akiyanywa kwa kiu anadhani yameharibika. Chupa tupu usitupe: nyingi za plastiki zina senti 25 zako kila moja, unazirudishiwa kwenye mashine ya dukani. Na Jumapili maduka yanafungwa, isipokuwa yale ya stesheni kubwa. Nunua mkate wako Jumamosi.

Sasa nije kwenye kilichonipeleka.

Mimi ni mtoto wa Lindi. Tangu nikiwa mdogo nimesikia habari za mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria aliyechimbwa kwetu, kwamba wazee wetu waliubeba mfupa mmoja mmoja kichwani mpaka bandarini, na meli ikauchukua. Shuleni tulisoma mistari miwili. Bungeni wabunge wameuliza zaidi ya mara moja urudi lini. Basi Ijumaa asubuhi nilipanda treni mpaka Invalidenstraße, kwenye Museum für Naturkunde, nikakata tiketi, nikaingia ukumbi wa kwanza.

Sikujiandaa. Unapita mlango, ukumbi una paa la kioo, na mwanga wa asubuhi unaangukia mifupa myeusi inayopanda juu, juu tena, mpaka shingo inakuchosha. Urefu wake kwenda juu ni mita 13.27. Nilisimama chini ya mguu wa mbele. Mfupa wa paja la mkono, kama naweza kuuita hivyo, unanizidi mimi urefu, na nina futi sita kasoro. Kwa karibu unaona nyufa zilizojazwa, unaona rangi ya udongo wetu ule wa kahawia uliokolea kwenye mikwaruzo. Watoto wa shule walikuwa wamekaa sakafuni na mwalimu wao, wanachora. Nami nikakaa pembeni yao.

Mifupa ile ilichimbwa kati ya 1909 na 1913. Hesabu hiyo ni muhimu, kwa sababu vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha 1907 tu. Vijiji vilikuwa vimechomwa, mashamba yameharibiwa kwa makusudi ili watu wafe njaa. Katika nchi iliyokuwa bado kwenye msiba ndiko walikopatikana mamia ya vibarua wa kuchimba na wapagazi wa kubeba zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe, kwa miguu, siku kadhaa za njia, hadi Lindi mjini. Wajerumani walioongoza kazi, Werner Janensch na Edwin Hennig, wanajulikana duniani. Msimamizi mkuu wa kazi pale machimboni alikuwa Boheti bin Amrani, mtu wa kwetu, aliyejifunza kuutoa mfupa ardhini bila kuuvunja. Nililitamka jina lake pale ukumbini kwa sauti ndogo. Nilitaka lisikike mahali pale japo mara moja.

Maoni yangu kuhusu kurudishwa? Nilikwenda nikiwa na hakika, nimerudi na hakika ileile: ni wa kwetu. Lakini sasa nimeona pia kazi inayohitajika kuutunza, jengo, hewa, wataalamu, na nimeanza kujiuliza mjukuu wangu ataukuta Lindi ndani ya nyumba ya namna gani. Hilo ni letu kulijibu, si la Wajerumani. Na tiketi ya kuuona isiwe viza. Kwa sasa mtoto wa Mipingo, kijiji jirani na machimbo yenyewe, atatakiwa kulipa euro 90 za viza, bima ya safari na nauli ya ndege ili auone mfupa uliotoka nyuma ya shamba la babu yake.

Jumamosi nilipanda treni ya U6 nikashuka Afrikanische Straße, huko Wedding. Ni mtaa wa makazi wa kawaida, miti, baiskeli, maghorofa ya wastani. Ila ukiinua macho kwenye vibao unasoma Sansibarstraße, Tangastraße, Usambarastraße, Ugandastraße. Majina hayo yaliwekwa enzi za kujisifia makoloni. Pale palikuwa na barabara iliyoitwa kwa jina la Carl Peters, Mjerumani aliyeanzisha koloni lao kwetu, yule ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Baada ya miaka mingi ya wakazi na Waafrika wa Berlin kudai, Agosti 2024 barabara ile ikabadilishwa jina: kipande kimoja sasa ni Anna-Mungunda-Allee, kwa heshima ya mwanamke wa Namibia, na kingine ni Maji-Maji-Allee. Nilikipiga picha kibao hicho, nikamtumia mjomba wangu Songea. Akanipigia hapohapo. Songea ndiko Rais Steinmeier alikosimama Novemba 2023 akaomba msamaha kwa niaba ya Wajerumani, na mjomba alikuwepo siku hiyo. Akaniuliza kibao ni kikubwa kiasi gani. Nikamwambia ni kama vingine vyote. Akasema vizuri, hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Karibu na hapo niliingia duka dogo la vyakula vya Kiafrika kutafuta pilipili. Nikamsikia mama wa makamo anaongea na simu kwa Kiswahili. Nikasubiri amalize.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Umetokea wapi?”

“Lindi, mama.”

Akanitazama, akacheka kwa furaha. “Basi umekuja kumwona mjusi wenu. Na hiyo nguo ndiyo umevaa kwenye baridi hii? Hebu kaa.” Akanitengenezea chai ya tangawizi kwenye kikombe cha karatasi, hakukubali nilipe. Ameishi kule zaidi ya miaka ishirini. Ndiye aliyenielekeza Wilhelmstraße namba 92, penye bango la kumbukumbu mahali lilipokuwa jengo la mkutano wa Berlin, ule wa wakubwa wa Ulaya kugawana Afrika, ulioanza tarehe 15 Novemba 1884 na kufungwa 26 Februari 1885. Nilipita hapo jioni. Jengo halipo tena, kuna maghorofa ya watu kuishi. Mkutano ulipofungwa, kesho yake tu Kaisari akatia saini hati ya kuilinda kampuni ya Peters katika Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami. Nilisoma bango mpaka mwisho huku vidole vimekufa ganzi.

Geti la Brandenburg ni zuri, dakika ishirini zinatosha. Kuba la bunge halina kiingilio, lakini lazima ujiandikishe mapema, nami sikufanya hivyo. Ukumbusho wa Ukuta wa Berlin pale Bernauer Straße haulipiwi pia, na nakusihi usiuache. Jumapili maduka yakiwa yamefungwa, nenda huko.

Kuna jambo moja nilifanya Ijumaa ileile nilipotoka kwa mjusi, nimeliacha mwisho kwa kuwa ndilo linalonirudia usiku. Kutoka makumbusho unafuata Invalidenstraße kuelekea mashariki, mwendo wa kama nusu saa, mpaka Brunnenstraße, kisha unakata kulia. Mbele ya namba 193, katikati ya mawe ya njia ya miguu, kuna jiwe la kumbukumbu lenye kibamba cha shaba cha sentimita kumi kwa kumi. Ni cha Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Akiwa mtoto alikuwa pamoja na baba yake, askari Mwafrika katika jeshi la Wajerumani, kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1929 alikwenda Berlin kudai mshahara wa baba yake na wake, hawakumlipa. Akabaki. Akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akaigiza filamu, akaoa, akazaa. Mwaka 1941 Wanazi wakamkamata kwa kuwa na uhusiano na mwanamke mzungu, wakampeleka kambi ya Sachsenhausen bila kesi. Alifia huko tarehe 24 Novemba 1944.

Watu walikuwa wakipita juu yake na mifuko ya sokoni. Shaba ilikuwa imepiga weusi na jani lililolowa limeganda pembeni. Nilichuchumaa, nikalitoa jani, nikafuta kwa ncha ya skafu yangu mpaka herufi zikang'aa, nikamsomea Fatiha. Mzee mmoja wa Kijerumani aliyekuwa na mbwa alisimama, akasubiri nimalize, akavua kofia, akaendelea na safari yake.

Ukienda, panda U8 ushuke Rosenthaler Platz, kutoka hapo ni dakika chache kwa miguu. Beba kitambaa laini.