Shule za sheria Marekani: orodha ya U.S. News au takwimu za ABA?

Orodha ya U.S. News, kampuni ya habari inayopanga shule kwa ubora, inasomeka haraka: shule moja, nafasi moja. Shida ni kwamba nafasi hiyo hupanda na kushuka hata pale shule yenyewe haijabadilika. Novemba 2022 Yale na Harvard zilijitoa, zikakataa kuendelea kuipelekea taarifa zao. Mwaka 2023 vigezo vikabadilishwa: ajira za wahitimu zikapewa asilimia 33 ya alama, sifa ya shule miongoni mwa wanazuoni ikapunguziwa uzito. Baadhi ya shule zikapanda au kushuka mno, ilhali walimu ni walewale.

ABA, chama cha mawakili kinachozipa shule hizo ithibati, hakisemi nani wa kwanza. Kila Desemba shule hulazimika kuweka wazi ada, alama za LSAT (mtihani wa kuingilia shule za sheria) na ufadhili. Mimi hukimbilia jedwali la ufadhili wenye masharti: wangapi walipewa, wangapi wakapunguziwa au kunyang'anywa kwa sababu ya alama zao za masomo. Hapo ndipo mwanafunzi anapotumbukia kwenye madeni, na nafasi ya shule haikwambii hilo. Anza na ABA; orodha itazame ukishabaki na shule mbili tatu.