Papi (mtoto wa mbwa) mpya: umpe nyama mbichi au umpikie?

Siku hizi Dar kila mwenye jibwa la kizungu anakwambia mpe nyama mbichi tu, eti ndo asili yake. Sawa, mbichi haina kazi ya jiko, shingo za kuku analamba mpaka sahani, na mfupa mbichi haupasuki vipande vikali kama uliopikwa. Ila nyama ya bucha ya hapa imening'inia kwenye joto tangu asubuhi, unaibeba kwenye daladala, unafika umeme umekatika, salmonela (bakteria wa kuharisha) hapo inasherehekea, na friza haiui bakteria, inawalaza tu. Papi kinga yake bado changa, na watoto wa nyumbani wanambusu mdomoni. Utumbo na maini mabichi ya machinjioni huweza kuwa na minyoo pia.

Kingine watu hawakijui, nyama tupu bila mfupa haina kalsiamu ya kutosha, papi anakua miguu imepinda, hasa hawa jamii kubwa kama German Shepherd.

Kupika kunachosha, kweli, maana anakula mara tatu nne kwa siku, lakini unachemsha mara moja unagawa. Ugali mtupu na mchuzi haumtoshi. Weka nyama au dagaa, dagaa wana mifupa yao, usitie kitunguu, na mifupa ya nyama iliyopikwa itoe yote. Muulize daktari wa mifugo kuhusu kalsiamu.

Mi kwa papi napika. Mbichi labda akishakua, na una friza na jenereta.