Git kwa kutunza notsi kwenye kompyuta tatu: inamfaa nani?

Linus Torvalds alitengeneza Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya faili, mwaka 2005 kwa ajili ya msimbo wa mfumo wa kompyuta wa Linux, si kwa notsi za mikutano wala mapishi. Lakini kama notsi zako ni faili za maandishi matupu, yaani .md au .txt, na unahama kati ya kompyuta ya ofisini, laptopi na ile ya nyumbani, hiki ni chombo cha kuaminika kweli. Hakifuti sentensi yako kimyakimya. Sharti lake ni moja, nalo ndilo linalowashinda wengi: hakifanyi lolote mpaka ukiambie.

Kuanza ni kazi ya dakika chache. Ndani ya folda ya notsi andika git init, kisha git add -A, kisha git commit -m "mwanzo" (kukomiti ni kuhifadhi hali ya faili kwenye historia). Baada ya hapo unahitaji hazina ya katikati, yaani mahali pamoja ambapo kompyuta zote zinasukuma (push) na kuvuta (pull) mabadiliko. GitHub, tovuti ya kuhifadhi hazina za Git, inatoa hazina za siri bila malipo tangu 2019, ila hata flashi inatosha: tengeneza humo hazina kwa git init --bare. Hilo neno --bare lina maana yake. Ukiliacha, Git itakataa kupokea unachosukuma kwenye tawi (mfululizo wa komiti) ambalo faili zake ziko wazi upande wa pili. Kwa GitHub nywila ya akaunti haikubaliwi tena tangu Agosti 2021, kwa hiyo tengeneza ufunguo wa SSH, wa kujitambulisha bila nywila, kwa ssh-keygen -t ed25519, kila kompyuta na wake. Laptopi ikiibiwa, unafuta ufunguo mmoja tu na nyingine zinaendelea na kazi.

Matumizi ya kila siku ni mazoea mawili. Ukikaa, git pull --rebase: inavuta mapya ya hazina ya katikati, kisha inaweka komiti zako juu yake. Ukiinuka, git add -A, git commit, git push. Ukisahau kusukuma Ijumaa jioni, notsi zako zimebaki ofisini hadi Jumatatu, na hakuna ujanja wa kuzifikia. Na ukijaribu kuvuta ukiwa na mabadiliko ambayo hujayakomiti, Git inagoma. Komiti kwanza, ndipo uvute.

Mgongano hutokea mstari uleule unapoandikwa tofauti kwenye kompyuta mbili. Faili litaonekana hivi:

<<<<<<< HEAD
Fundi bomba anakuja Jumanne.
=======
Fundi bomba anakuja Alhamisi asubuhi.
>>>>>>> 4c1e9a2 (laptopi)

Hapa wengi hujichanganya. Kwa kuwa umevuta kwa --rebase, sehemu ya juu ni ile iliyotoka kwenye hazina ya katikati, na ya chini ndiyo uliyoandika kwenye mashine uliyokalia. Chagua, futa zile alama tatu, kisha git add na git rebase --continue. Ukiona umepotea, git rebase --abort inakurudisha ulikokuwa.

Migongano mingi inazuilika. Git inalinganisha mstari kwa mstari, kwa hiyo aya ndefu iliyo kwenye mstari mmoja itagongana hata kama umegusa koma tu. Andika kila sentensi kwenye mstari wake. Kwa faili la kuongezea tu, kama shajara, weka kwenye .gitattributes, faili la mipangilio ya Git, mstari huu: shajara.md merge=union. Git itabakiza maandishi ya pande zote mbili bila kukuuliza, ingawa mpangilio wake utaupitia mwenyewe.

Majina ya faili nayo yanasumbua. "Mkutano 10:30.md" ni halali kwenye Linux, lakini Windows haikubali nukta mbili katika jina, na Git itashindwa kuliandika faili hilo huko. Mkutano.md na mkutano.md ni mafaili mawili kwenye Linux, moja kwenye Windows. Wanaotumia Obsidian, programu ya kuandikia notsi, waingize .obsidian/workspace.json kwenye .gitignore, orodha ya faili ambazo Git inazipuuza, kwani hubadilika kila unapofungua dirisha.

Kwa mwenye kununua bando, maandishi ni mepesi sana, maana yanayosafiri ni mabadiliko yaliyobanwa. Picha na PDF ni balaa: kila toleo linabaki kwenye historia hata ukilifuta, na GitHub inakataa faili lolote linalozidi MB 100. Kwa sababu hiyohiyo, usiweke humo nywila kamwe. Hazina ya siri haijasimbwa kwa ufunguo ulio nao wewe peke yako, na ulichofuta leo bado kimo kwenye komiti ya jana.

Usiiweke folda hii ndani ya Dropbox. Viwili hivyo vinaweza kugombania folda ya .git, inamotunzwa historia, hadi iharibike. Asiyetaka kuandika amri atumie Syncthing, programu ya kulinganisha folda kati ya kompyuta inayojiendesha yenyewe, mradi kompyuta mbili ziwe zimewashwa kwa wakati mmoja.

Ila Syncthing haikupi hiki kwa urahisi: git log -p -- mapishi.md inaonyesha kila badiliko na tarehe yake, na git restore --source=HEAD~20 mapishi.md inalirudisha faili kama lilivyokuwa komiti ishirini nyuma.