Oili ya TC-W3 kwenye Enduro 40 ya zamani: uzoefu wangu

Kwa mashine ya boti ya tustroki iliyokwishakula miaka, oili ninayoikubali ni yenye alama ya TC-W3. Nazungumzia Yamaha Enduro 40, ile ya silinda mbili na kabureta, inayosukuma boti nyingi za uvuvi hapa Mombasa. Mashine hii haina sampu, yaani bakuli la kuwekea oili chini ya injini. Beringi za kranki, pistoni na ringi zinalainishwa na ile oili uliyoitia kwenye petroli tu. Ukiikosea pale kwenye mtungi, umeikosea mashine nzima.

TC-W3 imetengenezwa kwa injini zinazopozwa na maji. Silinda inayopitishiwa maji ya bahari haipati joto kama ya msumeno wa miti, kwa hiyo oili yake inatakiwa iungue vizuri bila kuacha majivu. Oili ya tustroki yenye alama ya JASO FC au FD, madaraja ya Kijapani, ni nzuri sana, lakini mahali pake ni kwenye injini za kupozwa na hewa. Kwenye mashine ya boti majivu yake hukaa juu ya kichwa cha pistoni na kwenye ncha ya plagi. Yakizidi huwa kaa la moto: petroli inawaka kabla ya cheche, na mwisho pistoni inatoboka. Oili ya bodaboda, ile 20W-50, ni hasara tupu. Haikutengenezwa iungue, inaacha kaboni nzito, na ringi zinanata kwenye mifereji yake mpaka mashine inapoteza nguvu. Najua bei ndiyo inayowavuta watu. Lakini bei ya pistoni, ringi, gasketi na kazi ya fundi inanunua oili sahihi ya muda mrefu sana.

Kwenye mkebe tafuta nambari ya usajili ya NMMA, chama cha watengenezaji wa boti na mashine zake cha Marekani, inayoanza na herufi RL. Mkebe ulioandikwa "marine" kwa herufi kubwa bila nambari hiyo mimi naurudisha kwenye rafu. Quicksilver na Yamalube zote zina oili za daraja hili, na kwenye mashine sijaona sababu ya kubagua kati yake.

Kipimo ni 50:1, yaani mililita 20 kwa kila lita ya petroli. Lita 10 zinataka mililita 200, lita 20 zinataka 400. Tumia sirinji ya mililita 20 au chupa yenye mistari. Kukadiria kwa kifuniko kunaharibu mashine nyingi. Mashine iliyotiwa pistoni mpya ipewe 25:1, mililita 800 kwa lita 20, katika saa 10 za kwanza, bila kuiendesha kwa kasi yake yote. Baadhi ya mashine za zamani zimeandikiwa 100:1. Zikibeba mzigo mzito siku nzima, naziwekea 50:1 bila wasiwasi.

Wengine huongeza oili zaidi ya hapo wakidhani wanailinda mashine. Hapo kuna mtego. Jeti ya kabureta, kile kitundu kinachopima petroli, inapitisha kiasi kilekile cha majimaji, kwa hiyo oili ikizidi, petroli inapungua. Moshi unajaa, plagi zinalowa, na mchanganyiko wa hewa na petroli unakuwa mwepesi kuliko inavyotakiwa. Plagi ya mashine yenye afya hutoka na rangi ya kahawia. Nyeusi yenye unyevu inaashiria oili nyingi au choki, kile kizuizi cha hewa cha kuwashia mashine baridi, iliyobaki imefungwa. Nyeupe kavu inaashiria joto, na hapo simamisha kazi uchunguze kabureta, bomba la petroli na pampu ya maji.

Petroli yenyewe ni supa ya kawaida. Ya bei ya juu haiongezi nguvu kwenye injini hii, maana mgandamizo wake si mkubwa. Ninachokiogopa ni maji na mafuta ya taa. Kabla ya kuchanganya, jaza chupa ya kioo, iache itulie, kisha itazame kwenye mwanga: maji yatakaa chini kama tone linaloviringika ukiinamisha chupa. Mafuta ya taa hayaonekani hivyo. Dondoshea petroli kidogo kwenye karatasi nyeupe. Ikikauka ikaacha doa la mafuta na harufu ya koroboi, usiitumie. Fanya hivyo kabla ya kutia oili, maana oili nayo huacha doa.

Changanya kwenye mtungi, si kwenye tangi la boti. Tia kwanza petroli kama robo, mimina oili yote, funga, tikisa sana, ndipo ujaze iliyobaki na utikise tena. Acha nafasi juu, maana petroli inavimba juani. Oili nyingi za TC-W3 zina rangi ya buluu au kijani, nayo inasaidia kutambua mtungi uliokwishachanganywa. Andika tarehe ubavuni. Mchanganyiko uliopita mwezi mmoja siupeleki baharini.

Kusi likikaza na boti ikalala wiki kadhaa, usiache petroli ndani ya kabureta. Chomoa bomba, fungua skrubu ya chini ya bakuli, mwaga yote. Petroli ikikaukia humo inaacha gundi ya njano, na jeti ndogo ndiyo ya kwanza kuziba. Dalili yake ni mashine kukubali kuwaka kwa choki tu na kuzima ukishusha mwendo. Ikifika hapo, jeti itolewe isafishwe kwa dawa ya kabureta na upepo. Usiichokonoe kwa waya, maana tundu likipanuka vipimo vyote vya petroli vinapotea.