Kingamwili ya histidini sita: uzoefu wangu, maabara ya Mwanza

Kingamwili hii ni ya kutafutia protini maabara, na kichupa chake ni cha maikrolita 100. Ukikishika mara ya kwanza unaweza kudhani umeibiwa, ila ukichanganya moja kwa 2,000 kinakwenda mbali. Mimi nakitumia tangu mwaka jana na bado hakijaisha.

Kazi yetu ni kichocho, na mtu wa kando ya Ziwa Victoria hahitaji kuelezwa kwa nini. Bakteria wa E. coli wanatutengenezea protini ya mnyoo, yenye uzito wa kilodaltoni 28 (kipimo cha uzito wa molekuli) na mkia wa histidini sita, yaani asidi amino ya aina moja mara sita. Kingamwili inanasa mkia, protini yenyewe haiijali, kwa hiyo kichupa hicho hicho nimekitumia kwa protini tatu tofauti.

Tunatenganisha protini kwa uzito kwenye jeli, tunazihamishia kwenye utando, kisha kingamwili inaonyesha yetu ilipo kwa mstari. Siku ya kwanza mstari ulitokea pale pale nilipoutarajia, mweusi, mnene. Nikakimbia na picha kwa dada anayenisimamia. Akaitazama, akauliza: "Mdogo wangu, bakteria wasio na plasmidi umewapakia?" Sikuwapakia. (Plasmidi ni kipande cha DNA kinachobeba jeni ya protini yetu; wasio nayo hawaitengenezi.) Nikarudia, na wale watupu nao wakatoa mstari, mwembamba, chini kidogo tu ya ule wetu. Nashuku ni SlyD, protini ya E. coli wenyewe: mwishoni imejaa histidini za asili, na kwenye jeli hukaa karibu na kilodaltoni 27. Yaani jirani kabisa! Nilipopunguza dozi hadi moja kwa 5,000 na kuongeza kuosha, mstari wa wale watupu ulififia, wetu ukabaki. Watupu siwaachi tena.

Utando naufunika kwa maziwa ya unga ya dukani, asilimia 5, yasiyo na mafuta, ili kingamwili isishike ovyo. Wakati mmoja nilichukua yale ya chai, yenye mafuta. Picha ikatoka na ukungu, kama asubuhi ya ziwani.

Kasoro ni mzigo wenyewe. Wakala aliahidi wiki mbili, zikawa saba, na boksi lilipofika uwanja wa ndege barafu ilikuwa maji. Bahati nzuri kingamwili ilikuwa hai. Imewekwa gliserini nusu kwa nusu, kwa hiyo haigandi kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Hata hivyo niliigawa kwenye vichupa vya maikrolita 10, maana umeme wetu mnaujua, na sitaki kichupa kizima kipate joto siku moja.

Nyota nne. Nitaagiza tena, kwa wakala mwingine.