Uchambuzi: mikono mitatu ya nyuma ya trekta

Haya wapendwa karibuni, leo sichambui trekta nzima, nachambua hii mikono mitatu ya nyuma inayobeba plau. Tazameni kwenye hii Massey Ferguson 135, miwili iko chini, kushoto na kulia, na huu mmoja wa juu katikati ndo mafundi wanauita toplinki. Chimbuko lake ni patenti, yani hati ya haki ya uvumbuzi, ya Uingereza namba 253566, aliiomba Harry Ferguson, jamaa mwenye gereji kule Belfast, mwaka 1925, akapewa 1926.

Sasa zamani plau ilikuwa inakokotwa tu nyuma kama mkokoteni, ikinasa kwenye kisiki yenyewe imegoma lakini magurudumu ya nyuma bado yanalazimisha, basi trekta inainuka mbele, inapindukia nyuma na kumlalia dereva, na watu walikufa kweli, trekta za Fordson za enzi zile, zilizotengenezwa na Henry Ford yule wa magari, zilijulikana sana kwa hilo.

Ferguson akafanya hivi, mikono ya chini inavuta, ila huu wa juu unasukuma. Plau ikizama ardhini inataka kubinukia mbele, kwa hiyo inausukuma huu mkono kwenye trekta, na msukumo huo ndo unakandamiza mbele kusiinuke, halafu uzito wa plau unahamia magurudumu ya nyuma yanashika udongo vizuri, yani katrekta kepesi kanalima kazi ya trekta zito. Hapo nampa tano kabisa!

Sogeeni muone hii springi nene, toplinki imeishikilia. Udongo ukiwa mgumu springi inabanwa, inasogeza valvu ya haidroliki, yani ule mfumo wa mafuta unaoinua mikono, plau inapanda kidogo, udongo ukilainika inashuka tena, dereva hajagusa kitu na hakuna kompyuta hata moja humu.

Mwaka 1938 Ferguson akamwonyesha Henry Ford mfumo huu kule Marekani, wakapeana mikono tu bila mkataba wa maandishi, 1939 ikatoka trekta ya Ford 9N yenye mikono hii. Baadaye mjukuu wa Ford akaachana na makubaliano yale, wakapelekana mahakamani hadi 1952, Ferguson akalipwa dola milioni 9.25, na mi naona alistahili kila senti.

Shida yake inataka kusetiwa vizuri, toplinki ukiifupisha sana plau inachimba kwa ncha, ukiirefusha sana inaelea tu juu juu. Na wewe unayenunua trekta ya mtumba, kabla hujaangalia rangi, shika toplinki itikise mbele nyuma, kama springi inacheza cheza ujue plau haitatulia kwenye kina kimoja. Pini ikilika weka pini ya saizi yake, sio kipande cha nondo.

Na tafadhali sana ndugu zangu, msifunge mnyororo hapa juu kwenye toplinki mkavuta gogo, ukivuta kwa juu trekta inapinduka na haikupi nafasi ya kuruka, mnyororo unafungwa chini, kwenye kile chuma cha kukokotea.