Europa Universalis IV: nilivyojifunza kulea manowari za Venice

Kwa muda mrefu nilicheza gemu hii ya kompyuta, ambamo unaongoza nchi ya zamani, bila kujishughulisha na meli. Nilichagua nchi za bara, zenye askari wa miguu na farasi, na bahari kwangu ilikuwa njia ya kupita tu. Kisha nikachukua Venice, jamhuri ya Italia iliyoishi kwa bahari. Gemu inaanza tarehe 11 Novemba 1444, na siku hiyo mali ya Venice imetapakaa: pwani ya Dalmatia, na visiwa vya Ugiriki vya Corfu, Krete na Negroponte, chenye mji wa jina hilo hilo. Ukiondoa meli, hapo huna nchi, una vipande vya ardhi visivyoweza kusaidiana. Kwa hiyo nitazungumzia upande mmoja tu wa Europa Universalis IV, ule wa majini. Dini, ndoa za kifalme na makoloni nawaachia wengine.

Meli ni za aina nne. Kuna manowari nzito, kuna meli nyepesi za kulinda biashara, kuna meli za makasia, na kuna za kubeba askari, ambazo kila moja huchukua kikosi kimoja cha watu 1,000. Mgeni hukimbilia manowari nzito kwa sababu inatisha. Mimi pia nilikimbilia hizo, na hazina ikakauka kabla sijapigana na mtu. Manowari nzito moja hugharimu dukati (fedha ya gemu) 50 na mabaharia 200. Meli ya makasia ni dukati 10 na mabaharia 100. Halafu kuna jambo ambalo gemu hailisemi kwa sauti: uwanja wa vita vya baharini una upana wake, mwanzoni nafasi 25, na manowari nzito hula nafasi tatu wakati meli ya makasia hula moja. Piga hesabu. Ukijaza mstari wa mbele kwa manowari nzito, zinaingia nane, yaani dukati 400. Ukiujaza kwa meli za makasia, zinaingia 25 kwa dukati 250 tu. Na katika bahari za ndani kama Mediteranea na Baltiki, meli za makasia huongezewa nguvu nyingi mno. Ukizipeleka Atlantiki, ongezeko hilo halipo tena, na utaona zinavyozama.

Naipenda sana sehemu hii kwa sababu inafanana na historia yenyewe. Katika vita vya Lepanto, pwani ya Ugiriki, tarehe 7 Oktoba 1571, Waothmani, watawala wa Uturuki, na muungano wa nchi za Kikristo walipigana wote kwa makasia, ingawa Ureno ilikuwa na miaka mingi ikivuka bahari kuu kwa matanga. Hakuna meli bora ya kila mahali. Kila maji yana chombo chake, na gemu inakulazimisha ukubali hivyo kwa mfuko wako.

Lakini kinachobana zaidi ya dukati ni mabaharia. Wanatoka katika majimbo ya pwani peke yake, wanajaa polepole, na wanahitajika kuunda meli na kuikarabati pia. Fedha unaweza kukopa. Mabaharia hukopi kwa mtu. Niliwahi kuwa na hazina iliyofurika na bado nikashindwa kuunda hata meli moja kwa miezi mingi, kwa sababu watu wa kuipeleka baharini walikuwa wamekwisha.

Meli nyepesi ndizo zinazolipa gharama za nyingine zote. Unazipa amri ya kulinda biashara katika kitovu fulani, yaani kituo ambamo mali ya eneo hukusanyika, nami huzipeleka Aleksandria, kwa maana mali ya hapo inaweza kusukumwa hadi Venice, na ikifika Venice haiendi mbele tena, hapo ndipo mwisho wa njia. Ukishatoa amri zinajiendesha zenyewe, na kuna kitufe cha kuziambia zirudi bandarini vita vikizuka. Kibonyeze. Tafadhali kibonyeze siku ya kwanza. Meli ya biashara ikikutana na kikosi cha vita haina pa kujificha.

Sasa nieleze kilichonipata Negroponte, maana hapo ndipo nilipoielewa gemu.

Waothmani walinitangazia vita. Nilikuwa na meli 28 za makasia na amiri mzuri, yaani mkuu wa meli, niliyemlipia nguvu 50 za diplomasia, alama za gemu ambazo ni zile zile ninazohitaji kupata aina mpya za meli. Wakati wa amani nilikuwa nimepunguza matunzo ya jeshi la majini ili nibane matumizi, kwa hiyo ari ya mabaharia ilikuwa chini, na kupanda kwake ni kazi ya miezi. Nikasubiri bandarini, wakaja, tukapigana katika Bahari ya Aegean, nikashinda. Meli zilitoka zimechakaa, nyingine zimebakiwa na theluthi ya uzima wake. Nikaamuru ziingie bandari ya karibu zikarabatiwe. Bandari ya karibu ilikuwa Negroponte, na jeshi la nchi kavu la Waothmani lilikuwa limeuzingira mji ule tangu mwanzo wa vita.

Niliona ukuta wa mji bado umesimama, nikaona kuna muda. Mji ukaanguka kabla ukarabati haujafika nusu. Mji ukianguka, meli zilizo ndani hutupwa nje baharini, zilivyo. Nje palikuwa na kikosi chao cha pili. Meli moja ikizama, ari ya zilizobaki hushuka, na zikishaanza kuzama hufuatana. Zilirudi tisa.

Mwaka 1470, katika historia ya kweli, Negroponte iliangukia mikononi mwa Sultani Mehmed II huku amiri wa Venice, Nicolò Canal, akiwa karibu na kikosi chake bila kuuokoa mji. Wakubwa wake walimshtaki na kumfukuza. Niliwahi kulisoma jambo hilo na kumhukumu upesi. Baada ya vita vile sikumhukumu tena.

Tangu siku ile nakarabatia Krete, hata kama safari ni ndefu zaidi, na siingizi meli katika mji uliozingirwa. Matunzo nayapandisha mapema, mara nikiona jirani anakusanya majeshi mpakani.

Kasoro kubwa ni vita vyenyewe. Vikishaanza, huna la kufanya ila kutazama namba zikishuka na kuamua kama utarudi nyuma. Huwezi kupanga mstari, huwezi kumwambia amiri azunguke upande. Katika gemu yenye uangalifu mkubwa hivi kuhusu bandari, gharama na watu, hapo naona pengo la kweli. Ubaharia wake uko katika maandalizi. Anayetaka kuongoza mizinga kwa mkono wake hataridhika, na sitamshawishi. Anayependa kupanga, kuhesabu na kungoja atakaa hapa usiku kucha kama mimi.

Na kuna ombi moja dogo. Kila meli katika gemu hii ina jina lake. Bofya kikosi na utayaona yamepangwa moja moja. Lakini vita vikiisha, taarifa hukuletea hesabu ya aina tu: za makasia zilizozama, kumi na tisa. Usiku ule ilinibidi nifungue orodha ya zile tisa, nisome majina, nikumbuke ni yapi hayapo. Laiti taarifa ingeyataja.